Namba ya Difu na Barabara ya Dumila

Difu ya kwanza niliyoiona ikifunguliwa ilitoka kwenye Land Rover 109 ya shamba moja la mkonge Kimamba. Mzee aliyenifundisha kazi aliilaza krauni juu ya gunia, akatia alama ya chaki kwenye jino moja, akaniambia, "Hesabu, kijana, na usiruke hata moja." Nikapata meno 47. Kwenye pinioni yalikuwa 10. "Basi hapo propela inazunguka karibu mara tano ndipo tairi lizunguke mara moja," akasema. "Hii 4.7 ndiyo inayotoa gari Mkata wakati wa masika. Injini inasifiwa bure."

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa fundi hapa Dumila, karibu na njia panda ya Kilosa, na namba hiyo nimeiona ikipandishwa na kushushwa kila barabara ilipobadilika. Wanaosimulia historia ya upande wetu huanza na reli, mkonge na vijiji vya ujamaa, na wana haki. Ila iko historia nyingine, imekaa ndani ya oili ya 90 chini ya magari yaliyobeba mahindi, wagonjwa na walimu. Walioijua walikuwa na spana mkononi, si kalamu, na wengi wao tumeshawazika. Naona ni haki yao tuiandike kabla haijapotea.

Kwa asiyeijua, difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli, kati ya magurudumu mawili. Kazi yake inayotajwa sana ni kuyaruhusu magurudumu hayo yazunguke kwa kasi tofauti gari likikata kona. Ufumbuzi huo aliuandikisha Mfaransa Onésiphore Pecqueur mwishoni mwa miaka ya 1820, kwa ajili ya gari la mvuke. Kazi ya pili ndiyo inayotuhusu. Mzunguko unaotoka kwenye gia boksi kupitia propela ni wa haraka na hauna nguvu ya kutosha. Difu inaupunguza mwendo na kuuongezea nguvu. Kiasi cha kupunguza ndicho tunachokiita namba ya difu: meno ya krauni, ile gia kubwa ya ndani, ukiyagawa kwa meno ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha. Namba ikiwa kubwa gari lina nguvu na halikimbii. Ikiwa ndogo gari linakimbia, mlima linauogopa.

Tairi nalo limo katika hesabu hiyo, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Tairi refu linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo ukilifunga umeshusha namba ya difu bila kugusa hata nati moja. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, ilikuwa gari fupi lenye matairi ya 6.00-16, kimo chake sentimita 72 au 73 hivi. Baadaye likaja gari refu, 109, na matairi ya 7.50-16 yenye kimo cha sentimita 80 na kidogo. Difu zote mbili kwa kawaida zilikuwa 4.7. Lakini ukipiga hesabu, 4.7 iliyo juu ya tairi la 7.50 inafanya kazi kama 4.2 iliyo juu ya lile la 6.00. Mzee wangu hakuwahi kuandika hesabu hiyo, ila alikuwa nayo kichwani: tairi likiongezeka sehemu moja ya kumi, gari limepungukiwa sehemu moja ya kumi ya nguvu, na klachi ndiyo itakayolipa.

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kimamba na Kilosa, ikamalizikia Kigoma mwaka 1914. Dumila ilibaki kaskazini ya reli, bila stesheni. Mkonge wa Kimamba ukapata treni. Sisi tukaachiwa njia ya Dodoma, na ile inayoteremka kupitia Msowero na Rudewa kwenda Kilosa. Ndiyo maana mji wetu umejaa gereji, na stesheni ziko kwa wenzetu.

Aliyeziona njia hizo zikiwa na lami tu hawezi kujua zilivyokuwa. Kutoka mbuga ya Mkata kuja huku kuna udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu, na masika hunata kwenye tairi hadi ujae chini ya madigadi ya gari na kuzuia gurudumu lisizunguke. Upande wa magharibi milima ya Ukaguru inaanza karibu, na kaskazini ni Nguru. Gari la boma, la misheni au la shamba lilitakiwa lipite tope asubuhi na mlima mchana. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa ulikuwa mwendo wa heshima. Kwa njia za namna hiyo 4.7 ilikuwa namba sahihi, na hakuna fundi wa wakati ule aliyewaza kuibadilisha.

Kilichotangulia kuharibu hesabu ni uhaba. Mkonge ulifikia kilele chake mwaka 1964, Tanganyika ikitoa karibu tani 230,000, kisha kamba za plastiki zikaangusha bei. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Karakana za mashamba zikarithi magari mengi na spea chache. Kiwanda cha General Tyre kilianza kutengeneza matairi Arusha mwaka 1971, na kwa miaka mingi tulikitegemea, lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 fedha za kigeni zilipokauka, tairi lilikuwa kitu cha kuandikiwa kibali. Ulichukua saizi uliyoipata. Niliona Land Rover zenye 7.50 nyuma na 6.50 mbele, na zikiwekwa fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, kwenye ardhi ngumu zinavuta kama zimefungwa breki, maana magurudumu ya mbele yanataka kuzunguka haraka kuliko ya nyuma na katikati hakuna cha kuyapatanisha. Hapo ndipo wengi wetu tulipoelewa kuwa mbele na nyuma lazima zikubaliane. Tulijifunzia kwenye matairi kabla hatujajifunzia kwenye difu.

Kisha ikaja lami. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na barabara ya Morogoro hadi Dodoma, inayopita katikati ya Dumila, ikawa barabara ya taifa. Kampuni ya Kibrazili ikaijenga, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 tukawa na lami mlangoni. Watu wa Dumila walifurahi, nami nilifurahi nao. Lakini siku ileile Land Rover zetu zikawa zimezeeka. Basi linakupita, lori linakupita, wewe umekanyaga mafuta hadi mwisho na injini inalia. Hesabu yake ni hii: 109 yenye 4.7 na matairi ya 7.50, ikienda kilomita 80 kwa saa katika gia ya nne, injini inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Kwa injini ya dizeli ya lita 2.25 yenye nguvu za farasi 62, huko ni kuitesa. Na mafuta yalikuwa ya shida. Hiyo ni miaka ambayo magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa petroli.

Dawa ikaja na magari mapya. Range Rover tangu mwaka 1970, na Land Rover 110 tangu 1983, zilitumia difu ya 3.54: meno 46 kwa 13. Na Rover, kwa bahati yetu, walikuwa hawajabadilisha umbo. Kichwa cha difu, yaani krauni na pinioni pamoja na beringi zake, kilichotoka kwenye gari jipya kiliingia kwenye ekseli ya gari la zamani bila kuchonga chochote. Unachomoa hafu shafti, unafungua nati za kuzunguka, unavuta kichwa, unaingiza kingine na gasketi mpya. Ile kelele ya injini ya kilomita 80 ikashuka kutoka mizunguko 2,900 hadi 2,200. Dereva aliyeizoea 4.7 akijaribu gari hilo kwenda Morogoro alirudi anacheka peke yake.

Magari yaliyopata ajali au kufa injini ndiyo yaliyotupa vichwa hivyo, na hapo ikazuka taabu ambayo bado naiona. 110 ina difu ya aina yetu mbele tu. Nyuma wameweka Salisbury, ekseli nzito ambayo kichwa chake hakitoki kwa mbele. Unafungua kifuniko cha nyuma na kufanya kazi ndani ya haus yenyewe, na haus hiyo inahitaji kutanuliwa kwa kifaa maalumu. Kwa hiyo 110 moja iliyokufa ilitoa kichwa kimoja tu cha kutufaa, wakati gari linahitaji viwili. Na 109 zilizotengenezwa baada ya mwaka 1972 nazo zilikuja na Salisbury nyuma, hizo hazikuingia kabisa kwenye biashara hii. Kichwa kimoja kikifika Dumila, kilikuwa na watu wanne wanaokisubiri. Wengine wakasema, kifungwe nyuma, mbele ibaki 4.7, fowili hatutaitumia.

Gari la fowili ambalo fowili haitumiki halidumu upande wetu. Mvua ikinyesha, dereva atavuta kile kijiti. Fanya hesabu ndogo: propela zote mbili zinazunguka sawa, nyuma ni 3.54, mbele ni 4.7. Nyuma likitaka kwenda mita 4, mbele linataka kwenda mita 3. Kwenye tope magurudumu yatateleza na kugawana tofauti hiyo. Gari likipanda kwenye lami bila kutoa fowili, hakuna cha kuteleza, na kilicho dhaifu kuliko vyote kinakatika. Kwa Land Rover za zamani hicho huwa ni hafu shafti.

Mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi kutoka Msowero aliniletea gari la namna hiyo. Alikuwa amelinunua likiwa limeshabadilishwa, na aliyemuuzia hakusema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Hili gari limevunja chuma tena, palepale linapoingia barabara kubwa. Nimeliandika." Akatoa daftari la shule. Alikuwa ameandika kila lita ya dizeli, kila gunia, na kila mahali lilipovunjika. Mara zote ni baada ya mvua, na mara zote ni pale njia ya vumbi inapokutana na lami. Dereva wake alikuwa akilaumiwa bure.

Nilimweleza, nikamwonyesha meno. Hakutaka maelezo marefu. "Mimi nabeba mahindi, fundi, sishindani na basi. Nirudishie ile ya zamani, mbele na nyuma." Tukarudisha 4.7 zote mbili. Namkumbuka kwa sababu alikuwa mteja wa kwanza kwangu aliyechagua namba kwa kuangalia kazi ya gari lake. Wengine wote walichagua kwa kumwangalia aliyewapita njiani.

Nikiulizwa, nasema 3.54 ilikuwa kosa kwa magari mengi ya Dumila, ingawa mimi mwenyewe nilifunga nyingi na kazi ilikuwa safi. Lami ilikuwa moja. Mashamba yalikuwa kila upande. Ukitoka na mzigo kupanda kwenda Gairo, gari la 3.54 lilirudi gia ya tatu mapema, na kwenye vilima vya Ukaguru lilianza kuunguza klachi. Wenzetu wa Mgeta, kule Uluguru, wanaoshusha kabeji na njegere kutoka Nyandira, walibaki na 4.7 zao, na 109 zao ziliendelea kupanda ile milima miaka mingi baada ya za kwetu kuuzwa vyuma chakavu.

Toyota ilizimaliza Land Rover kwa upole. Land Cruiser zilikuwepo nchini zamani, lakini kwetu zilitawala kuanzia miaka ya 1990, zilipokuja zile zenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda 6. Difu zake nyingi ni 4.11: meno 37 kwa 9. Ni namba ya katikati, na kwa injini ile na matairi ya 7.50 inakwenda vizuri lami na tope. Hospitali, halmashauri na mashirika wakazichukua. Kwa miaka kadhaa mafundi wa difu tulikosa kazi, na sikulalamika. Gari likitoka kiwandani na namba inayofaa, fundi hana sababu ya kuliharibu.

Kazi imerudi sasa, kwa njia ya matairi. Vijana wananunua Land Cruiser ya zamani, ile tunayoiita mkonga, wanainyanyua springi, wanafunga matairi ya 315/75R16. Kimo chake ni karibu sentimita 88. Lile la kawaida ni 80 na kidogo. Ongezeko ni asilimia 9. Ile 4.11 inafanya kazi kama 3.77, na gari ambalo lilipanda Magubike na mzigo kwa gia ya nne sasa linaomba ya tatu. Spidomita nayo inadanganya: ikisoma 80, gari liko 87, na trafiki hasomi spidomita yako. Januari 2014, mto Mkundi ulipofurika na kuikata barabara kuu pale darajani, magari yalikwama pande zote mbili, na yale yaliyozunguka kwenye njia za mashamba kutafuta pa kupita yalitufundisha upya. Tairi kubwa lilisaidia kuvuka maji. Lakini ndani ya tope zito, penye kuhitaji kwenda polepole bila kusimama, gari lenye tairi kubwa na difu ya zamani lilizima au likaunguza klachi, na la tairi la kawaida likapita likinguruma taratibu.

Kurudisha nguvu iliyopotea kwa matairi hayo kunahitaji 4.48. Hiyo haipo, na iliyo karibu ni 4.56, meno 41 kwa 9. Iko pia 4.88, yenye pinioni ya meno 8, ambayo wengine huipenda kwa matairi makubwa zaidi. Mimi siipendi kwa gari la mzigo: pinioni ni ndogo na kila jino linabeba kazi kubwa zaidi. Seti hizi haziokotwi kwenye mikangafu. Zinaagizwa zikiwa mpya, mbili, na bei yake inamfanya mwenye gari auze ng'ombe. Kwa hiyo wengi hununua matairi na kuishia hapo.

Na hapa naomba nikae kidogo, maana kufunga seti mpya si sawa na kuhamisha kichwa kizima kama tulivyofanya na Land Rover. Mzee wangu alikuwa akisema krauni na pinioni ni mume na mke: zimesuguliwa pamoja kiwandani, zina namba moja iliyochorwa, ukichanganya za nyumba mbili zitapiga kelele hadi zife. Pinioni inakaa kwenye kina kinachopimwa kwa shimu. Halafu krauni inasogezwa mpaka ule mchezo kati ya meno ubaki mdogo sana. Kwa difu ya Rover ni kati ya milimita 0.20 na 0.25. Baada ya hapo napaka meno machache rangi ya unga niliyoichanganya na oili, nazungusha pinioni kwa mkono huku mwenzangu akizuia krauni kwa kipande cha mbao, kisha naangalia rangi ilipofutika. Ikifutika katikati ya jino, nafunga. Ikifutika kwenye ncha, pinioni iko mbali. Ikifutika kwenye shina, imeingia mno. Natoa yote, nabadilisha shimu, naanza upya. Kazi hiyo inaweza kula siku nzima, na mteja anayekaa kwenye benchi akiuliza "bado tu?" asipewe gari kabla rangi haijakaa sawa. Difu iliyofungwa kwa haraka haisemi leo. Italia mwendo wa 60, mbali na nyumbani, ikiwa na watu ndani.

Njia yetu ya Kilosa nayo imepata lami, kwanza kilomita 45 hadi Rudewa, kisha kipande kilichobaki. Watu wataanza tena kutaka kukimbia, na mafundi wataanza tena kushusha namba. Kwa hiyo nakuomba wewe mwenye gari la fowili, kabla hujatoa hela ya matairi, uijue namba yako. Haihitaji kufungua kitu. Weka gari mahali tambarare, gia boksi ikae huru, zuia magurudumu mengine, unyanyue gurudumu moja la nyuma. Tia alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Lizungushe gurudumu hilo mara 2 kamili, mwenzako akihesabu propela. Ikizunguka mara 4 na kidogo, ni 4.11. Ikizunguka mara 3 na nusu, ni 3.54. Ikikaribia 5 bila kufika, ni 4.7 au 4.88, na hapo muite fundi. Rudia kwa gurudumu la mbele, loku za magurudumu ya mbele zikiwa zimefungwa. Zisipolingana, usiweke fowili kwenye lami hata siku moja. Nanyi mafundi wenzangu, mkibadilisha difu ya mtu, gongeni namba mpya kwenye haus kwa herufi za chuma, na muiandike kwenye daftari lake.